Mnara mmoja, laini nne: kuchagua kati ya mwenye mtandao, chapa dada na mitandao pepe ya simu

Mtu anayetafuta laini mpya ya simu hukutana na majina mengi kuliko mitandao iliyopo. Nchi yenye kampuni tatu au nne zenye leseni ya masafa ya redio inaweza kuwa na makumi ya chapa zinazouza laini, kila moja na rangi zake, vifurushi vyake na namba yake ya huduma kwa wateja. Nyingi kati ya chapa hizo hazina hata antena moja. Hununua dakika, SMS na data kwa bei ya jumla kutoka kwa kampuni yenye mtandao, kisha huziuza rejareja kwa jina lao wenyewe. Kampuni za namna hii huitwa watoa huduma wa mtandao pepe, na katika nyaraka za wasimamizi wa mawasiliano hutajwa kwa kifupi cha MVNO.

Biashara hii si ngeni. Virgin Mobile ilianza Uingereza mnamo Novemba 1999 ikitumia mtandao wa One2One, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza kufanikiwa kibiashara kwa mtindo huu. Waliofuata walitoka kila upande: maduka ya Tesco yaliingia mwaka 2003 kwa ubia na O2, Google ikaingia Marekani mwaka 2015, mwaka huohuo kundi la benki la Equity likaanzisha Equitel nchini Kenya juu ya mtandao wa Airtel, na benki ya Capitec ya Afrika Kusini ikafuata mwaka 2022 juu ya mtandao wa Cell C. Kinachowaunganisha wote hawa ni kwamba walikuwa na wateja kabla ya kuwa na laini.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini kampuni iliyotumia mtaji mkubwa kujenga mtandao imuuzie mshindani wake. Jibu ni kwamba mnara unagharimu karibu kiasi kilekile ukiwa na wateja mia au elfu, kwa hiyo nafasi isiyouzwa ni hasara, na mpangaji, yaani mtandao pepe unaokodi nafasi hiyo, huweza kuwafikia watu ambao mwenye mtandao hawafikii kwa urahisi. Wakati mwingine hata hiari haipo. Tume ya Ulaya iliporuhusu kampuni ya simu ya Telefónica Deutschland kuinunua mshindani wake, E-Plus, mwaka 2014, miongoni mwa masharti ilikuwa kuuza sehemu ya uwezo wa mtandao kwa wapangaji, ili muungano huo usiue ushindani.

Kwa mnunuzi, matokeo yake ni kwamba laini nne zenye bei nne tofauti zinaweza kuwa zinazungumza na mnara mmoja. Tofauti ya bei hutoka kwenye mkataba ulio nyuma ya laini, yaani kile ambacho mwenye mtandao amekubali kumpa mpangaji na kile alichojibakizia. Ulinganisho huu unafuata mkataba huo.

Vigezo vitano

Kigezo cha kwanza ni mawimbi, yaani mahali ambapo simu inashika mtandao. Hapa wengi huamini kwamba mpangaji hupata kila kitu alicho nacho mwenye nyumba, jambo ambalo mara nyingi ni kweli lakini si lazima. Mkataba unaweza kuacha nje 5G, au kuacha nje maeneo ambayo mwenye mtandao mwenyewe hutumia minara ya kampuni nyingine kwa makubaliano ya ndani ya nchi.

Cha pili ni foleni, na ndicho ninachokiona kuwa kizito kuliko vyote, kwa sababu hakionekani kwenye skrini. Mnara una uwezo wenye kikomo. Watu wanapokuwa wachache kila mtu hupata kasi anayoitaka. Wanapojaa, mtandao huamua nani ahudumiwe kwanza. Katika 4G kila mkondo wa data huwa na namba ya daraja, na intaneti ya kawaida huwekwa mara nyingi kati ya 6 na 9, daraja la 9 likihudumiwa mwisho. Simu mbili zilizo mezani pamoja, zote zikionyesha mawimbi kamili, zinaweza kwenda kwa kasi zisizofanana kabisa kwa sababu moja ina daraja la 8 na nyingine la 9. Hali hii isichanganywe na kupunguzwa kasi baada ya kumaliza kifurushi, ambako hubaki palepale hata saa tisa usiku mnara ukiwa mtupu. Foleni ya daraja huhisiwa wakati wa msongamano tu.

Kuna foleni nyingine isiyohusu mnara. Japani, wapangaji wengi hununua upana wa njia inayounganisha mitambo yao na ya mwenye mtandao, wakilipia kwa megabiti kwa sekunde. Saa ya mapumziko ya mchana, wateja wote wanapofungua simu kwa pamoja, njia hiyo hujaa na kasi hushuka, ilhali mnara wenyewe haujalemewa. Kuongeza upana ni gharama, na mpangaji anayeshindana kwa bei hupima sana kabla ya kuuongeza.

Cha tatu ni bei na masharti, pamoja na urefu wa ahadi unayotakiwa kutoa. Cha nne ni msaada: nani anapokea malalamiko, na je, ana uwezo wa kurekebisha tatizo? Cha tano ni nyongeza, yaani matumizi ya laini nje ya nchi, laini ya kielektroniki ya eSIM, upigaji wa simu kupitia 4G na upigaji kupitia Wi-Fi.

Mwenye mtandao

Jina hili lenyewe lina walakini kidogo, kwa kuwa kampuni nyingi za simu zimeuza minara yao kwa kampuni maalumu za minara na sasa nazo ni wapangaji juu yake. Kinachomfanya mtu awe mwenye mtandao ni leseni ya masafa, mitambo ya redio na mtambo mkuu unaoelekeza simu na data.

*Mawimbi.* Kwenye mtandao wake, hakuna anayepata zaidi yake. Teknolojia mpya huanza kwake, na makubaliano yoyote ya kutumia minara ya jirani humhusu yeye kwanza.

*Foleni.* Wateja wake wa vifurushi vya juu husimama mbele. Hata hivyo, jambo hili husahaulika: vifurushi vyake vya bei ya chini vinaweza kuwekwa daraja lilelile la wapangaji, kwa hiyo nembo kubwa kwenye kadi si dhamana ya kasi. Daraja hufuata kifurushi.

*Bei na masharti.* Kwa kawaida ndiye ghali zaidi, hasa kwa mikataba ya malipo ya baada ambayo ndani yake mna simu unayolipia kidogokidogo. Kwa anayehitaji simu hiyo na hana fedha taslimu, mpango huo una maana. Kwa mwenye simu tayari, analipia maduka, matangazo na madawati ambayo huenda hatayatumia.

*Msaada.* Ana maduka na mawakala, na fundi anayetazama mnara ni wake au wa mkandarasi wake. Mlolongo kati ya malalamiko na marekebisho ni mfupi, angalau kwenye karatasi.

*Nyongeza.* Karibu zote zipo, ikiwa ni pamoja na mikataba mipana zaidi ya matumizi nje ya nchi.

Inamfaa anayepata kipato kupitia laini yake saa za msongamano, anayesafiri nchi nyingi, na familia au ofisi yenye laini nyingi inayoweza kujadiliana bei.

Chapa dada

Hii ni chapa inayomilikiwa na mwenye mtandao mwenyewe lakini inauzwa kana kwamba ni kampuni nyingine. Uingereza, giffgaff ilianza mwaka 2009 chini ya mmiliki wa O2, nayo VOXI ni ya Vodafone. Marekani, Visible ni ya Verizon. Lengo lake ni kumshika mteja wa bei nafuu bila kuwashushia bei wateja wa chapa kuu. Mstari kati ya chapa dada na mtandao pepe huyeyuka kila mwaka, kwa sababu wenye mitandao hununua wapangaji wao: Verizon iliichukua TracFone mwaka 2021, na T-Mobile ikamaliza kuinunua Mint Mobile mwaka 2024.

*Mawimbi.* Ni yale ya mzazi, na ni nadra kukuta eneo lililoachwa.

*Foleni.* Hapa mzazi ana uhuru wa kuamua na huutumia. Baadhi ya chapa dada huwa na vifurushi viwili, kimoja cha daraja la chini na kingine, cha bei ya juu kidogo, chenye kipaumbele sawa na cha chapa kuu. Soma maelezo ya kifurushi chenyewe, si sifa za chapa.

*Bei na masharti.* Bei ni ya chini, malipo ni ya kabla, na kwa kawaida hakuna mkataba wa miaka.

*Msaada.* Nafuu ya bei hupatikana hapa. Mara nyingi huduma ni ya programu ya simu na maandishi tu, na dukani kwa mzazi utaambiwa kwamba wewe si mteja wao, ingawa fedha zako huishia mfuko uleule. giffgaff ilikwenda mbali zaidi kwa kuwaachia wateja wenyewe kujibizana maswali na kuwalipa pointi kwa majibu.

*Nyongeza.* Za msingi zipo. Za kifahari, kama vile data nyingi nje ya nchi, hupunguzwa.

Inamfaa anayetaka mtandao fulani hasa, ana simu yake, na anaweza kujihudumia bila kuhitaji mtu wa kumtazama usoni.

Mtandao pepe mwepesi

Sasa tunafika kwa mpangaji halisi. Mtandao pepe mwepesi unamiliki jina, wateja, bei na pengine mfumo wa malipo. Mengine yote ni ya mwenyeji, yaani mwenye mtandao anaoukodi. Hata mfumo wa malipo mara nyingi hutolewa na mkandarasi anayehudumia chapa nyingi kwa mkupuo, na ndiyo maana programu za chapa zisizo na uhusiano wowote huweza kufanana kama mapacha. Kadi ya laini ni ya mwenyeji: utambulisho ulio ndani yake, ambao huwa na tarakimu zisizozidi 15, tatu za kwanza zikitaja nchi na mbili au tatu zinazofuata zikitaja mtandao, unabeba namba ya mwenyeji.

*Mawimbi.* Ni yale yaliyoandikwa kwenye mkataba. Muulize muuzaji maswali mawili tu: unatumia mtandao wa nani, na je, 5G imo? Anayekwepa swali la kwanza hana sababu ya kuaminiwa kwenye la pili.

*Foleni.* Mara nyingi ni daraja la chini. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini hapa methali hiyo inaonea kidogo: nguo inasitiri vizuri siku zote isipokuwa pale mwenyewe anapoihitaji. Mtumiaji anayeishi mahali penye minara mingi na watu wachache anaweza kukaa miaka bila kuhisi tofauti. Anayepanda treni iliyojaa kila jioni ataihisi siku ya kwanza.

*Bei na masharti.* Hili ndilo eneo lake la nguvu. Hana minara ya kulipia umeme, huenda hana maduka, na hulenga kundi moja tu: wahamiaji wanaopiga simu nyumbani, wazee wanaotumia dakika chache, wanafunzi, au wateja wa benki na maduka ambao laini kwao ni kivutio cha kuwabakiza. Lakini faida yake ni nyembamba, kwa kuwa iko kati ya bei ya jumla asiyoipanga yeye na bei ya rejareja ambayo mwenyeji anaweza kuishusha wakati wowote. Wengi wameangukia hapo. Mobile ESPN ilizinduliwa kote Marekani mwaka 2006 na kufungwa mwaka huohuo. Disney Mobile ilianza mwaka huo na kusitishwa mwaka 2007. Amp'd Mobile ilifilisika mwaka 2007. Chapa maarufu hazikuziokoa.

*Msaada.* Ubora unatofautiana mno, kuanzia watu wachache wanaojibu haraka hadi kimya cha siku tatu. Udhaifu wa msingi ni mmoja: tatizo likiwa kwenye mtandao, anayekusikiliza hana funguo za chumba cha mitambo. Anaandika ombi kwa mwenyeji na kusubiri kama wewe.

*Nyongeza.* Hakikisha kabla ya kulipa. Upigaji wa simu kupitia 4G unahitaji mtandao kuutambua muundo wa simu yako, na mahali ambapo 3G imezimwa, simu isiyotambuliwa inaweza kuperuzi vizuri huku ikishindwa kupiga. Matumizi nje ya nchi huwa machache au hayapo, ingawa ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2017, anayeyatoa kwa kawaida haruhusiwi kuyatoza zaidi ya bei ya nyumbani.

Inamfaa mwenye matumizi ya wastani au madogo, laini ya pili, laini ya mtoto au ya kifaa, na yeyote aliye ndani ya kundi ambalo chapa hiyo iliundiwa.

Mtandao pepe kamili

Huyu anakodi antena tu. Mtambo mkuu, rejista ya wateja, utambulisho wa laini na mikataba ya kubadilishana simu ni vyake. Kampuni ya IIJ ya Japani ilichukua hatua hiyo mwaka 2018.

*Mawimbi.* Yanategemea mwenyeji, lakini kwa kuwa kadi ni yake, anaweza kuingia mikataba na wenyeji zaidi ya mmoja, au kuhamisha wateja kwa mwenyeji mpya bila kuwabadilishia kadi.

*Foleni.* Kwenye mnara hana nafuu zaidi ya mpangaji mwingine. Ndani ya mitambo yake ndiye anayeamua.

*Bei na masharti.* Si lazima awe rahisi kuliko mwepesi, kwa sababu ana mitambo ya kuigharimia. Anachokuwa nacho ni uhuru wa kuunda vifurushi ambavyo mwenyeji hana.

*Msaada.* Ana mafundi wanaoona sehemu kubwa ya safari ya simu yako, na hivyo majibu yake huwa na undani zaidi.

*Nyongeza.* Hapa ndipo hung'aa: laini za vifaa visivyopiga simu, kama vile mita na vifaa vya kufuatilia magari, na mikataba yake mwenyewe ya nje ya nchi.

Wengine wakishafika hapa huvuka mto. Rakuten ya Japani iliyoanza kuwa mpangaji mwaka 2014 ilifungua mtandao wake mwenyewe mwaka 2020. Ujerumani, Drillisch, mpangaji aliyenufaika na sharti lile la mwaka 2014 la kuuza uwezo wa mtandao, yumo leo ndani ya kampuni ya 1&1, iliyoanza kuwahudumia wateja wa simu kwa mitambo yake mnamo Desemba 2023. Mteja wa kampuni inayovuka hivi ajiandae kwa kipindi ambacho mawimbi yatabadilika mtaa kwa mtaa.

Inamfaa anayetaka vifaa vingi mtandaoni, msafiri wa mara kwa mara anayejali data kuliko dakika, na mtumiaji anayependa kujua mambo yanavyofanya kazi. Tatizo ni kwamba matangazo hayasemi nani ni mwepesi na nani ni kamili. Dalili moja, ingawa si ya uhakika, ni jina la mtandao na mpangilio wa intaneti unaoandikwa kwenye simu baada ya kuweka kadi.

Kwa kila hali

Ikiwa unaishi mahali ambapo mtandao mmoja tu unashika, swali la mtandao limekwisha: orodhesha chapa zote zinazotumia mtandao huo, kisha shindanisha bei na msaada.

Ikiwa kazi yako inafanyika kwenye viwanja, vituo vya mabasi au katikati ya jiji, lipia kipaumbele, iwe kwa mwenye mtandao au kwa kifurushi cha juu cha chapa dada. Nafuu ya bei haitakufariji pale malipo ya mteja yanapokataa kupita.

Ikiwa simu yako hushinda kwenye Wi-Fi nyumbani na kazini, mtandao pepe mwepesi unatosha, na tofauti ya bei inabaki kwako. Nunua kifurushi cha mwezi. Punguzo la kulipia mwaka mzima lichukuliwe tu kwa kampuni uliyokwisha kuijaribu, kwa kuwa fedha iliyotangulia ndani ya kampuni inayofungwa ni vigumu kuidai.

Ikiwa laini ni ya mzazi mzee asiyependa programu za simu, uwepo wa duka au wakala wa kumwendea una uzito kuliko gigabaiti, na hapo mwenye mtandao au mpangaji mwenye maduka yake ndio wa kutazamwa kwanza.

Ikiwa bado umekwama kati ya mbili, usianze kwa kuhamisha namba yako. Chukua laini mpya ya chapa unayoifikiria, kwa kadi au eSIM, uiweke kwenye nafasi ya pili ya simu, na uitumie kwa data wiki nzima mahali unapokaa hasa, ukipima kasi mchana na tena jioni watu wanaporudi makwao. Piga pia simu moja kwa huduma kwa wateja uone inachukua muda gani. Ikikuridhisha, omba kuhamisha namba huku laini ya zamani ikiwa bado hai. Ukiifunga kabla, unaweza kuipoteza namba yenyewe, pamoja na akaunti za benki na barua pepe zinazotuma misimbo ya uthibitisho kwake.